Matatizo ya kuchaji baada ya kubadilisha chaja ya ndani ya gari la umeme: dalili, sababu na hatua za kufuata

Chaja ya ndani ni kisanduku kilichofungwa ndani ya gari ambacho hupokea umeme wa AC (mkondo geuzi) kutoka ukutani na kuugeuza kuwa umeme wa DC (mkondo mnyoofu) unaoweza kuingia kwenye betri kuu. Magari mengi ya miaka ya mwanzo yalitoka kiwandani na chaja ndogo. Nissan Leaf za kwanza, kwa mfano, zilikuwa na chaja ya takriban kW 3.3 kwa betri ya kWh 24, kwa hiyo betri iliyokwisha ilihitaji karibu saa nane kujaa. Ndiyo maana wenye magari hayo hufunga chaja ya kW 6.6 au 7.4, huongeza chaja ya pili sambamba na ya kwanza, au huhamia kwenye umeme wa njia tatu (three-phase) ili wapate kW 11 au 22.

Malalamiko yanayofuata kazi hiyo hufanana sana, na katika magari mengi niliyoletewa chaja mpya yenyewe ilikuwa nzima. Kasoro ilikuwa kwenye kitu ambacho hakikubadilishwa pamoja nayo: kebo, tundu la kuchajia, njia ya maji ya kupozea, au programu iliyoendelea kuamini kwamba chaja ya zamani bado ipo. Kwa sababu hiyo, chini ya kila dalili nimeanza na sababu zinazotokea mara nyingi na ukaguzi usiohitaji kufungua chochote, kisha nikaenda kwenye mambo mazito zaidi.

Ieleweke pia kwamba vituo vya DC vya kasi havipiti kwenye chaja hii kabisa. Kubadilisha chaja ya ndani hakutaongeza kasi yako kwenye vituo hivyo, lakini vinaweza kukusaidia kutafuta tatizo: gari likikubali umeme wa DC bila shida na kuukataa wa AC, kuna uwezekano mkubwa kwamba betri kuu ni nzima na kwamba kosa liko kati ya tundu la kuchajia na chaja.

Kabla ya kugusa kitu chochote

Waya zenye ganda la rangi ya chungwa hubeba umeme wa betri kuu, ambao katika magari mengi ni kati ya volti 300 na 400, na katika baadhi ya magari mapya hufika volti 800. Umeme wa DC wa kiwango hicho huua. Mtu ambaye hajafunzwa kazi ya umeme mkubwa wa magari aishie kwenye ukaguzi wa nje: kebo, kituo cha kuchajia, mipangilio ya gari, betri ndogo ya volti 12 na kiwango cha maji ya kupozea.

Aliyefunzwa naye asiruke hatua. Gari lizimwe na ufunguo uwekwe mbali, kebo ya kuchajia ichomolewe, betri ya volti 12 itenganishwe, plagi ya usalama ya betri kuu itolewe na ikae mfukoni mwa anayefanya kazi, kisha asubiri muda ulioandikwa na mtengenezaji ili kapasita zilizo ndani ya chaja zipoteze umeme. Baada ya kusubiri apime, akiwa amevaa glavu za mpira za daraja la 0 ambazo bado ziko ndani ya muda wake wa majaribio. Mita ijaribiwe kwanza kwenye chanzo kinachojulikana kuwa na umeme, kisha kwenye sehemu ya kazi, kisha irudishwe kwenye chanzo kilekile. Mita iliyokufa huonyesha sifuri sawasawa na waya usio na umeme, na hatua hiyo ya tatu ndiyo wengi huiacha.

Dalili ya kwanza: gari linachaji, lakini kasi ni ileile ya zamani

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na mara nyingi halihitaji spana.

Anza na kebo. Kebo za Aina ya 2 (plagi ya kuchajia ya AC yenye pini saba) zinazochomolewa pande zote mbili zina rezista ndogo ndani ya plagi, kati ya pini ya utambuzi na pini ya ethi, na rezista hiyo hukiambia kituo kwamba kebo inaweza kubeba ampia ngapi. Omu 680 humaanisha ampia 20, na omu 220 humaanisha ampia 32. Ukiendelea kutumia kebo iliyokuja na gari wakati lilipokuwa na chaja ndogo, kituo kitatii kebo na hakitatoa zaidi ya hapo, hata kama chaja mpya ina uwezo maradufu. Chomoa kebo pande zote, pima kwa mita ya kawaida, na utapata jibu ndani ya dakika moja. Usijaribu kamwe kubadilisha rezista hiyo ili kebo nyembamba ijitangaze kuwa nene, kwa sababu rezista imewekwa kulingana na unene wa nyaya zilizomo.

Pili, angalia kituo chenyewe. Hulitangazia gari kiwango cha juu cha ampia kupitia waya wa ishara, kwa mapigo 1,000 kwa sekunde, na upana wa pigo ndio ujumbe. Hadi asilimia 85, kila asilimia moja ni ampia 0.6: pigo linalokaa juu kwa asilimia 26.7 ya muda linasema ampia 16, na la asilimia 53.3 linasema ampia 32. Vituo vingi vya ukutani vina swichi ndogo au mpangilio wa ndani ambao fundi aliuweka chini siku ya kukifunga, na hakuna aliyeukumbuka tena. Jaribu gari kwenye kituo kingine unachojua kinatoa ampia 32 kabla ya kulaumu gari. Angalia pia kikomo cha ampia kwenye skrini ya gari lenyewe.

Tatu ni suala la njia za umeme, na hapa watu wengi huvunjika moyo bila sababu. Chaja ya kW 11 kwa kawaida hupata nguvu hizo kwa kuchukua ampia 16 kutoka kwenye kila moja ya njia tatu. Ukiiunganisha kwenye umeme wa njia moja, kuna chaja za aina hiyo zitakazochukua ampia 16 tu, yaani kW 3.7, sawasawa na chaja uliyoiondoa. Nyingine zimeundwa ziweze kuelekeza ampia 32 kwenye njia moja na kutoa kW 7.4. Jambo hili husomwa kwenye karatasi ya vipimo kabla ya kununua, na haliwezi kurekebishwa baadaye kwa kubadilisha waya. Ikiwa umeme wako ni wa njia tatu kweli na kasi ni theluthi moja au theluthi mbili ya ulichotarajia, basi kuna njia iliyokatika kwenye kebo au kwenye kituo, au sehemu moja ya ndani ya chaja imekufa.

Nne, programu. Kompyuta kuu ya gari ndiyo inayoiambia chaja itoe kiasi gani, na isipofahamishwa kwamba chaja imebadilika itaendelea kuomba kW 3.3. Hili hurekebishwa kwa kifaa cha uchunguzi cha gari husika.

Kabla ya yote hayo, hakikisha hukupima wakati betri imekaribia kujaa au ikiwa na baridi kali, kwani katika hali hizo kompyuta ya betri hupunguza kasi yenyewe. Pima betri ikiwa kati ya asilimia 20 na 60.

Dalili ya pili: gari halichaji kabisa

Ondoa kwanza sababu nyepesi: saa ya kuchaji iliyopangwa kuanza usiku, plagi ambayo haikuingia hadi ikabofya, na betri ya volti 12 iliyolala wakati kazi ikifanyika. Betri hiyo ikiwa chini ya takriban volti 12, kompyuta za gari huweza kushindwa kuamka vizuri na kutoa misimbo ya hitilafu isiyohusiana na chaja hata kidogo. Ichaji, futa misimbo, jaribu tena.

Ikiwa bado, mtaalamu apime waya wa ishara dhidi ya ethi. Kituo kisichounganishwa na gari hutoa volti 12. Gari likiunganishwa, rezista iliyo ndani yake huishusha hadi volti 9, na gari linapokuwa tayari kupokea umeme huongeza rezista ya pili na volti hushuka hadi 6. Volti ikibaki 12 baada ya kuunganisha, waya wa ishara umekatika au haukufungwa kwenye chaja mpya. Ikikwama kwenye 9, kituo kimeliona gari lakini gari lenyewe linakataa kuendelea, na uchunguzi uhamie kwenye kompyuta zake. Tahadhari ya wanaotumia mita ya kawaida: mapigo yakishaanza, mita huonyesha wastani wa pigo la juu na la chini, ambalo ni volti 12 hasi, na unaweza kusoma kitu kama volti 6 hasi pasipo hitilafu yoyote. Kwa kipimo cha kuaminika unahitaji osiloskopu, kifaa kinachochora umbo la mapigo.

Walioongeza chaja ya pili wana kosa lao la pekee hapa. Kila chaja huja na rezista yake ya omu 2,740 kwenye waya wa ishara, na mtu akiunganisha waya huo kwenye chaja zote mbili, rezista hizo huwa sambamba na volti huangukia takriban 7. Hiyo si 9 wala si 6, na vituo vingi hukataa kuwasha. Ni chaja moja tu inayopaswa kuzungumza na kituo. Ya pili ipokee amri kutoka kwa kompyuta.

Volti za ishara zikiwa sawa, geukia mtandao wa CAN, yaani jozi ya waya ambazo kompyuta za gari hutumia kuwasiliana. Betri ya volti 12 ikiwa imetenganishwa, pima kati ya waya hizo mbili: omu 60 ni hali nzuri, kwa kuwa kuna rezista mbili za omu 120 kwenye ncha. Ukisoma 120, moja imetoweka, pengine ilikuwa ndani ya chaja ya zamani. Ukisoma 40, chaja mpya imeleta rezista ya tatu isiyohitajika.

Kagua pia plagi za rangi ya chungwa. Nyingi hufungwa kwa hatua mbili, na hatua ya pili ndiyo inayokamilisha mzunguko mdogo wa usalama unaopita kwenye kila plagi na kila kifuniko. Kifuniko kimoja kisichokaa vizuri hutosha kulizuia gari zima. Mzunguko huo usiunganishwe moja kwa moja kwa kipande cha waya ili gari liwake, hata kwa jaribio la dakika moja, kwa sababu ndio unaokata umeme mkubwa mtu anapofungua plagi kwa makosa.

Dalili ya tatu: umeme wa nyumbani unakatika

Swali la kwanza ni moja: unakatika papo hapo, au baada ya muda?

Ukikatika papo hapo, kinga ya uvujaji, yaani kifaa kinachokata umeme unapovuja kwenda ardhini, ndiyo imeruka. Mara nyingi huwekwa kuruka kwenye miliampia 30. Unyevu ndani ya tundu au plagi huongoza kwa wingi, hufuatwa na waya wa nyutro uliogusana na ethi wakati wa kufunga, kisha ganda la waya lililokatwa na ukingo wa chuma. Chaja mbili zikiwa pamoja, uvujaji mdogo wa kawaida wa vichujio vyake hujumlishwa na unaweza kukaribia kikomo. Usiiondoe kinga hiyo. Tena, hakikisha kituo chako kina ulinzi dhidi ya uvujaji wa DC wa miliampia 6, au kinga ya Aina B, kwa sababu uvujaji wa DC huweza kuipofusha kinga ya kawaida isiruke hata siku inapohitajika.

Ukikatika baada ya dakika kadhaa, ni sakiti breka iliyopata joto kwa kubeba kuliko uwezo wake. Niliwahi kuletewa gari lililoongezewa chaja ya pili, ambalo mwenyewe alikuwa amebadilisha breka ya ampia 20 mara tatu akiamini anauziwa mbovu. Kila mara ilishikilia kama dakika ishirini, kisha ikaruka. Tulipoweka mita ya kubana kwenye waya mmoja wa njia ya umeme, ilisoma ampia 26. Chaja ya zamani ilikuwa ikitii kituo na kuchukua ampia 16, ambazo ndizo kiwango cha juu cha chaja hiyo. Ile ya pili ilikuwa imewekewa ampia 10 zisizobadilika na haikujua lolote kuhusu kituo. Breka ilikuwa ikifanya kazi yake vizuri kabisa. Dawa ilikuwa kuifanya chaja ya pili ipokee tu kile kinachobaki baada ya kutoa ampia za ya kwanza kutoka kwenye kikomo cha ampia 20 kilichotangazwa, yaani ampia 4.

Kumbuka kwamba mita ya kubana huzungushwa kwenye waya mmoja tu. Ukiizungusha kwenye kebo nzima utasoma sifuri au karibu na sifuri, kwani umeme wa kwenda na wa kurudi hufutana. Kwa kuwa waya mmoja hupatikana ndani ya kisanduku cha breka, kazi hiyo ni ya fundi umeme.

Usiweke breka kubwa zaidi bila kubadilisha waya uliomo ukutani. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo jambo la kwanza watu hulifikiria, na ndilo linalounguza nyumba.

Dalili ya nne: linaanza kwa kasi nzuri, kisha linapungua au kusimama

Joto ndilo chanzo karibu kila mara, na huwa liko katika moja ya sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni tundu la kuchajia na plagi. Joto linalozalishwa kwenye kiungo huongezeka kwa mraba wa ampia. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.01 tu hutoa wati 2.6 kwenye ampia 16, lakini kwenye ampia 32 hutoa wati 10 ndani ya nafasi ndogo kama ncha ya kidole. Tundu lililovumilia miaka mitano na chaja ndogo laweza kuanza kuungua wiki ya kwanza ya chaja kubwa. Baada ya nusu saa ya kuchaji, simamisha, chomoa na utazame pini kwa tochi. Pini nzuri inang'aa sawasawa. Yenye tatizo ina rangi ya kahawia au bluu shingoni, na plastiki inayoizunguka imepauka au kupinda kidogo. Ukiona hivyo, au ukisikia harufu ya plastiki iliyoungua, usichaji tena hadi tundu na waya zake zibadilishwe kwa zile za ampia 32. Kupiga msasa pini huongeza muda wa siku chache tu na huondoa tabaka lililokuwa likiikinga.

Sehemu ya pili ni njia ya maji. Chaja ya kW 7.4 yenye ufanisi wa asilimia 93 hupoteza takriban wati 500 kama joto, mara mbili ya iliyokuwa ikipotea kwenye kW 3.7. Angalia kiwango cha maji kwenye chupa. Kikiwa kimeshuka siku chache baada ya kazi, hewa iliyokuwa imenaswa imetoka na maji yamechukua nafasi yake, kwa hiyo ongeza maji ya aina ileile. Kisha sikiliza pampu wakati gari linachaji, kwani kuna magari ambayo programu yake haiamuru pampu hiyo kuwaka hadi ifahamishwe kuhusu chaja mpya. Chaja iliyofungwa juu kuliko chupa ya maji hunasa hewa daima, na hiyo ni kasoro ya mpangilio ambayo kutoa hewa mara kumi hakutaiponya.

Dalili ya tano: betri ya volti 12 inalala

Katika magari mengi, Leaf za kuanzia 2013 zikiwemo, kisanduku cha chaja kina pia kibadilishaji kinachoichaji betri ndogo kutoka kwenye betri kuu. Gari likiwa limewashwa, pima betri hiyo: kwa kawaida utapata kati ya volti 13 na 14.5. Ukisoma 12.4 na inazidi kushuka, angalia boliti ya waya mnene wa chanya, fyuzi yake, kisha mawasiliano ya kibadilishaji. Ikiwa inachajiwa vizuri lakini inaisha gari likiwa limeegeshwa, chaja mpya huenda hailali. Funga gari, subiri nusu saa, na upime umeme unaochukuliwa: makumi ya miliampia ni kawaida, ampia nzima si kawaida.

Dalili ya sita: kuchaji kunakatika ovyo, bila msimbo unaoeleweka

Shuku kelele za umeme. Wavu wa chuma unaozunguka waya za chungwa ushikane na bodi pande zote mbili na kwa duara lote, si kwa uzi mmoja uliosokotwa, na waya za CAN zisifungwe pamoja na waya hizo.

Dalili ya saba: onyo la insulesheni au la mfumo wa umeme mkubwa

Hapa hakuna ukaguzi wa nyumbani. Gari hupima daima insulesheni, yaani ukinzani kati ya betri kuu na bodi. Kanuni ya kimataifa R100, inayohusu usalama wa magari ya umeme, hutaka angalau omu 500 kwa kila volti pale saketi za AC na DC zinapoungana, yaani kiloomu 200 kwa betri ya volti 400. Onyo likiwaka baada ya kazi ya chaja, chomoa kebo, egesha gari nje mbali na jengo, usilifungue, usilioshe, na usifute msimbo ili uendelee kuliendesha. Fanya vivyo hivyo ukiona moshi, ukisikia mlio wa cheche ndani ya chaja, au ukikuta maji ya kupozea yanavuja karibu na plagi ya chungwa.

Unapompigia fundi wa umeme mkubwa, mpe mambo haya yakiwa yameandikwa: namba kamili ya chaja iliyotoka na iliyoingia, misimbo yote kabla haijafutwa, ampia ambazo kituo kimewekewa, na kama tatizo hutokea papo hapo au baada ya dakika ngapi. Kama una picha za waya zilivyokuwa kabla chaja ya zamani haijatolewa, mtumie hizo kwanza.